Kazi ya Mzazi

Neno lenyewe lilisomwa mara moja,
pale pa kuoshea viatu,
na bwana wa ofisini aliyeshika karatasi kwa mikono miwili:
mdororo.
Tukatazamana. Malimi wa kwenye barafu akanong'ona,
"Ni ugonjwa wa samaki?"
Tukacheka, watu arobaini wenye kofia za nailoni,
tukacheka mpaka akafika kwenye orodha.

Hakusoma majina. Alisoma namba.
Mia nne kumi na saba ni mimi,
Nyamisi binti Masatu, mashoto,
miaka tisa nikimvua sangara ngozi
kama anayemvua mtoto shati la shule.
Minofu sikuwahi kuila. Minofu ilipanda ndege;
sisi tulinunua mapanki getini,
vichwa na miti ya mgongo, tukashukuru,
maana mchuzi hauulizi nyama ilikwenda wapi.

Kisu nilirudisha. Aproni nilirudisha.
Mabuti meupe walisahau kuyadai,
au waliona haya.

Sasa huku Igogo, juu, jiwe linapokalia jiwe,
mwili wangu bado unaamka saa kumi alfajiri.
Hakuna king'ora. Unaamka tu,
kama mbwa wa mtu aliyehama.
Mkono wa kushoto unakata shuka gizani,
dakika mbili kila samaki,
mpaka Magesa aushike, aseme,
"Zamu imeisha, mama. Lala."

Watu hudhani ufukara hupiga hodi.
Kwetu uliingia kwa kipimo:
mafuta kutoka lita hadi nusu,
nusu hadi kile kifuko cha kufungwa fundo,
na siku moja nikasikia sauti ikimwambia Mangi wa dukani
"andika,"
nikageuka kutafuta ni nani.

Hata mapanki yamepanda bei.
Hili sikulitegemea:
kwamba wakikosa hamu ya minofu huko mbali
sisi huku tutakosa mifupa.

Wiki ya saba nilishuka Kirumba, Mwaloni,
kwa miguu, nauli ni mboga,
kuomba kuanua dagaa.
Msimamizi alikuwa na daftari,
na ndani ya daftari tulikuwemo sote tuliotangulia kufukuzwa,
ila humo wameandikwa kwa majina.
Nilikuwa sijui
kwamba mia tatu themanini na nane anaitwa Milembe.
Miaka tisa, bega kwa bega.

Nafasi haikuwepo.

Nikarudi, nikakaa mlangoni
juu ya lile jiwe lililomshinda mwenye nyumba na nyundo zake.
Mama Kwangu wa chipsi akapita
akikitukana kisu chake kama mkwe.
Nikamwambia, lete.
Nikalimwagia jiwe maji, kikombe kimoja.
Mkono ukakumbuka.
Alipokijaribu kwenye kiazi hakusema kitu,
aliniachia vitunguu viwili.
Kesho yake visu vitatu.
Keshokutwa hakuna.
Jumamosi kumi na kimoja, na panga la mchinja mbuzi.

Sitasema nimepona. Vitunguu havilipi kodi.
Kuna siku nayaosha yale mabuti,
nayaosha tena yakiwa safi,
nayaanika vidole vikielekea ziwani,
na ziwa linang'aa hapo chini
kama lisilohusika.

Jana Luhende alileta fomu ya shule.
Jina la mzazi. Mtaa. Dini.
Kazi ya mzazi, kisha mstari mrefu, mweupe.
Mwaka jana aliujaza bila kuniuliza.
Safari hii kalamu ilikuwa hewani
naye ananitazama viatu, si usoni.

Nikautazama mstari ule
kwa muda wa samaki wawili.

"Andika: mnoa visu."
Akainama.
"Ngoja. Weka hiyo kalamu ya wino.
Andika kwa penseli."