Kisanduku cha Stakabadhi

Chumba hiki kilikuwa cha mbuzi.
Siku ya mvua, ukikaribia ukuta wa nyuma,
bado wananuka, mbuzi wale watatu wa mama mkwe,
nami hupiga randa kwa nguvu zaidi
mpaka mninga ushinde.

Majirani wa Isevya walidhani natengeneza majeneza ya watoto.
Kalunde, wa nyumba ya pili, alikuja na khanga begani,
pole ikiwa tayari mdomoni,
akakuta kisanduku cha hereni.
"Kumbe!" akasema, akakaa.
Tangu hapo kila saa kumi yuko juu ya gogo langu,
anachambua mchicha na kunikosoa.

Mbao zangu ni makombo.
Mafundi wa milango pale barabarani hukata fremu,
vinavyobaki huwa kuni za mama ntilie.
Huwahi kabla ya chai.
Nimeokoa vipande ambavyo vingeivisha maharage.
Mama ntilie hanipendi.

Futi hudanganya kwa unene wa ukucha,
na kisanduku hakisamehe ukucha.
Kwa hiyo napima ubao kwa ubao mwenzake,
nachora kwa wembe, penseli siiamini,
kisha patasi, taratibu,
mpaka vidole vya upande huu vipite kati ya vidole vya upande ule
kama mikono ya mtu anayesubiri majibu hospitalini.
Bila msumari.
Msumari ni kukata tamaa mapema.

Mwezi wa tisa alikuja Kapaya kutoka Urambo,
kofia mkononi, vumbi la lori hadi kwenye kope.
Alitaka kisanduku kizuri. "Kizuri hasa," alisema,
"cha kufunguliwa mbele ya wageni."
Cha kuwekea nini?
Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo manne.
Ndani, stakabadhi za tumbaku, misimu miwili:
uzito, daraja, sahihi, muhuri,
kila kitu kimo isipokuwa pesa.

"Panya wamekula mbili," alisema.
"Chama kikija kulipa, nitaonyesha nini?"

Kalunde aliacha mchicha.
Nilipima karatasi iliyo ndefu kuliko zote,
nikaongeza nafasi ya kidole,
halafu nikaongeza tena, kwa ajili ya msimu ujao,
nikaona haya kwa kuongeza.

Siku kumi na moja.
Sita kati yake umeme haukuwepo,
lakini randa haijui TANESCO.
Kwenye ukingo nilitia ukanda wa mpingo
niliouchonga kutoka mguu wa kiti kilichovunjika harusini.
Nikasugua kwa msasa wa dukani,
kisha kwa jani la msasa lenyewe, lile la mtini,
kisha kwa kiganja.
Nta ya nyuki wa Sikonge ikafuata,
na ubao ukaiva kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Kifuniko ndicho mtihani.
Ukikiachia, kisianguke.
Kishuke polepole, kikiegemea hewa iliyomo,
kikitoa pumzi ndogo
kama ya mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Kapaya alikiachia mara saba.
Kisha akasema, akiutazama ukuta wa mbuzi:
"Fundi, nusu ninayo. Nusu nyingine, chama kikilipa."

Nilitafuta hasira mifukoni mwa aproni,
nikapata vumbi la mbao na ile penseli.
Kwa deni inatosha.
Nikachana ukurasa wa daftari la Mihambo,
upande usio na hesabu,
nikaandika jina lake, elfu ishirini na tano, tarehe,
sahihi yangu iliyopinda.
Nilimpa aione tu.
Yeye akaikunja mara mbili
akailaza juu ya zile nyingine.
"Ikae na wenzake," alisema,
na kabla sijamwambia kwamba hiyo ni yangu mimi,
akaachia kifuniko.

Tulinyamaza wote watatu,
tukikisikiliza kikishuka.