Jiwe la Kusagia

Tulilelewa na hadithi moja:
kwamba babu wa babu yetu, Tollef Kvernmo,
aliondoka Norwei akiwa mwana wa mwenye kinu,
na kwamba jina hili gumu kutafuna
maana yake ni uwanda wa jiwe la kusagia.
Shangazi Gunhild aliisimulia kila Krismasi
akikata mkate mwembamba wa viazi,
kifua mbele, kisu hewani.

Alipofariki nikarithi kasha lake la bati.
Ndani, chini ya vifungo na risiti za ngano,
karatasi moja: Tollef Aslaksen.
Aslaksen ndiye nani?

Nikaanza kufukua.
Daftari la kanisa, wino rangi ya chai iliyolala:
Tollef, mwana wa Aslak. Amebatizwa. Amechanjwa ndui.
Kazi: kibarua, shamba la Kvernmo.
Ardhi: hana.
Deni: magunia mawili ya shayiri.
Nikasoma tena, kidole juu ya lile "hana"
kama mtu anayebonyeza jipu.

Kisha ofisi ya ardhi, Dakota, mwaka wa themanini na mbili,
theluji inayeyuka, tope hadi fundoni.
Foleni moja ina akina Tollef Aslaksen watatu.
Karani, kalamu sikioni, anamwashiria:
tafuta jina jingine, bwana, barua zako zitapotea.
Namwona akisita, kofia mikononi.
Jina la baba limeshajaa watu.
Analo jingine moja tu, la yule tajiri
aliyembebesha magunia tangu miaka tisa,
kinuni na kurudi, kinuni na kurudi,
hata bega la kushoto likashuka
kama linavyoonekana pichani.
Akalitaja.

Aliiba? Au alijilipa mshahara?
Shangazi, ungekuwepo ungenipiga kofi,
halafu ungeniuliza usiku, peke yetu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikuja na jembe lake,
na wa kumkaribisha hakuwepo.
Au walikuwepo. Kaskazini mwa shamba,
pale trekta la baba lilipokuwa likikwepa,
yapo mawe kumi na mawili, yamekaa duara.
Yalikuwa yakikandamiza pindo za mahema
kabla wenyewe hawajasukumwa magharibi.
Baba alisema tu: yaacheni hayo.
Katika madaftari yote niliyofungua
sikuona mstari wenye majina yao.

Jana mwanangu Anders alirudi na kazi ya shule:
jina la ukoo wenu lina maana gani?
Nikatia maji birikani, nikayatoa, nikayatia tena.
Nikamwambia: ni jina la mahali
ambapo babu yako alichoka.

Akaandika, ulimi nje, herufi zikipanda kilima.
Kisha akainua kichwa:
na hapa tulipo, mama,
palikuwa pakiitwaje?