Sababu za Kuchagua (Andika kwa Ufupi)

Fomu ilikuwa na visanduku vitatu.
Cha kwanza: sedani ya petroli, nyeupe, ya kuingilia harusini.
Cha pili: gari la juu, lenye ngazi ubavuni,
ambalo Rwegoshora wa mauzo alilitia tiki
kabla kalamu haijanifikia.
Cha tatu: kigari cha dizeli, milango mitano,
mgongo umekatwa ghafla
kama sentensi ya mtu aliyeona bosi anaingia.

Miaka mitatu, akasema Nyanzobe wa utumishi,
kisha linarudi kwa wenyewe.
Usilipe jina. Usilibandike maandishi.
Usilizoee.

Kazi yangu ni mizani.
Nazunguka mialo, Igombe, Kayenze, Lamadi,
hadi Kibara, na mawe ya chuma ya kupimia,
kumi, kila moja kilo ishirini.
Naweka jiwe, mizani inasema kumi na nane.
Mvuvi ananitazama mimi,
mnunuzi anatazama ziwa.

Kilo mia mbili, basi, kabla sijaketi.
"Dizeli haina mbio," Rwegoshora akanionya, "ina ukaidi tu."
Alidhani anaiponda.

Jumamosi nikaenda Buzuruga, uani kwa wakodishaji.
Kijana wao, Lugembe, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata,
akaliwasha.
Likakohoa mara mbili, likatulia,
mngurumo wa chini chini
kama shangazi anayesali rozari mdomo umefumba.
Lita moja, kilomita ishirini, akasema.
Nikamtazama kama ninavyowatazama wanunuzi.
Kumi na saba, akasema.

Akanionyesha redio. Akanionyesha kamera ya kurudia nyuma.
Nikamwomba alaze viti.
Nikavua viatu,
nikapanda kwa mlango wa nyuma, nikajinyoosha chali,
utosi nyuma ya kiti cha dereva.
"Funga," nikamwambia.
"Dada?"
"Funga mlango."

Akafunga.
Harufu ya zulia jipya. Mapigo yangu.
Kwenye kioo, mawe ya mlimani na nyumba zilizoyang'ang'ania,
na uso wa Lugembe, mkono umekinga jua,
akichungulia mteja aliyejipakia.
Nyayo ziligusa mlango, magoti hayakukunjwa.
Futi tano na inchi mbili.
Tulilingana.

Posho ya kulala safarini haidai risiti.
Gesti ya Lamadi ni elfu ishirini na tano,
kunguni wake bure,
na mwenye funguo hajui kubisha hodi.
Mimi hulala nje usiku nane kwa mwezi,
na Mugeta, mdogo wangu, yuko mwaka wa pili chuoni Nyegezi
ambako ada haina shangazi wa kuibembeleza.
Zidisha mwenyewe.
Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha hesabu hiyo.

Palikuwa na mistari miwili.
Nikaandika: Hutumia mafuta kidogo.
Nikaandika: Nafasi ya mzigo.
Kweli tupu, mstari kwa mstari,
kama kumi na nane ilivyo kweli
kwa anayeisoma mizani ile.
Nyanzobe akagonga muhuri bila kuinua macho.

Sasa ni Lamadi, usiku wa kwanza.
Nimezima injini nayo bado inalialia ikipoa,
tik, tik, kama kucha juu ya sufuria.
Wadudu wa ziwa, wale wasiouma, wamefunika kioo cha mbele chote.
Mawe nimeyahamishia mbele:
sita sakafuni,
manne kwenye kiti cha abiria, nimeyafunga mkanda.
Dirisha nimeliacha wazi upana wa kidole.

Saa nane, tochi.
Mlinzi wa mwalo anagonga bati kwa rungu.
"Mle ndani kuna nini?"

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Mzigo," nikamjibu.