Sauti ya Pili

Tuliurekodi Duluth, chini ya duka la mazulia,
Februari ya tisini na nne, ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
na hita ya studio ikikohoa hata ikabidi tuizime
kila taa nyekundu ilipowaka.
Doyle alivaa glavu alizozikata vidole.
Mimi nilipakata besi, baridi kama samaki wa jokofu,
nikauliza: huu unamhusu nani?
Akasema, hamna mtu. Wimbo ni wimbo tu.

Ubeti wa kwanza: mwanamke anaacha taa ya jikoni ikiwaka.
Ubeti wa pili: mwanamke anahesabu vijiko
badala ya kujibu.
Russ, mpiga ngoma, akainamia viatu vyake.
Vijiko vilikuwa sita. Nilivinunua mimi.
Na ile taa, jamani,
ile taa aliyekuwa akiiacha ni yeye.

Kiitikio kikapanda, gitaa likanguruma
kama lori linalotafuta gia mlimani,
naye akapaza, wewe, wewe, wewe,
macho yake ukutani.
Sauti ya pili ilikuwa kazi yangu.
Nikaimba wewe, juu yake kidogo,
nikijisuta mwenyewe kwa sauti tamu
mara nne,
maana fundi mitambo alitaka turudie.

Maji yalikuwa yamezidi unga tangu Krismasi.
Tulilala tumepeana migongo,
tukisemezana habari za petroli, nyuzi, bili ya simu.
Mengine yote aliyaweka ndani ya dakika tatu na nusu,
akayapa ngoma, akataka niyashikie mdundo.

Mara ya tano, kiitikio cha mwisho,
kidole changu kikashuka hadi noti ya jirani.
Nusu hatua tu. Sikukosea.
Gitaa likabaki juu, mimi nikabaki chini,
na kati yetu pakafunguka ufa
kama ule wa barafu mwezi wa Machi,
unaousikia kabla hujauona.
Fundi akainua kichwa.
Akasema: iacheni hiyo.

Redio za vyuo zikaupiga usiku wa manane.
Fargo walituimbia maneno yote, wametunyooshea vidole.
Omaha, msichana wa nywele za buluu alinifuata garini,
akasema, pale besi inapoteleza, huwa nalia, sijui kwa nini.
Nikamwambia ni kosa tu la usiku.
Hakuniamini. Alisimama kwenye mvua
mpaka Russ akawasha injini.

Mwezi wa Agosti nilihama. Nilichukua vijiko vitatu.

Miaka sita ikapita, simu ikalia.
Wanautoa tena, Doyle akasema, kwa diski.
Ile noti ya mwishoni, tuirekebishe?
Siku hizi kompyuta inaweza.
Nyuma yake birika lilikuwa linapiga mluzi,
mtoto anadai kitu,
kijiko kinagonga ukingo wa kikombe.
Nikakitambua kwa mlio.
Nikasema: Doyle,
hapo ndipo nilipoandika mimi.

Akanyamaza urefu wa ubeti mzima.
Kisha akauliza kama huku kwetu
theluji imeshaanza.