King'ora cha Saa Isiyo Yake

Betri tulizianika tangu asubuhi,
mimi na Sikuku, juu ya bati la kibanda cha kuku,
tukizigeuza kama mihogo,
maana jioni kulikuwa na fainali Kisumu
na redio ya baba ilikuwa na kikohozi.

Timu yetu ya voliboli: wanawake wa kiwanda cha karatasi.
Khakasa wa chumba cha kuhesabu rimu,
aliyeazima chumvi kwetu akarudisha sukari.
Nasambu, mrefu hadi mlango wa kanisa ukamwinamisha.
Felistas wa mkono wa kushoto,
aliyenyonyesha kati ya seti na seti.
Walifanya mazoezi nyuma ya karakana,
wavu wa kuvulia samaki Nzoia
umefungwa kwenye nguzo mbili za simu.
Sisi tuliokota mipira mtaroni,
tukaipangusa kwa mashati, tukachapwa kwa uchafu,
kesho tukarudi.

Wageni waliopita Webuye walifunga madirisha,
wakaziba pua.
Watoto wa shule nyingine walituita mayai viza.
Harufu ile sisi hatukuisikia. Ilikuwa ndiyo hewa.

Seti ya tano. Kumi na tatu kwa kumi na tatu.
Mtangazaji akasema, "Khakasa anaanzisha—"
redio ikafa.
Sikuku akaziuma betri kwa meno.
Akaizaba redio kofi. Akalia.

Saa tatu usiku king'ora kikalia,
saa isiyo ya zamu.
Mama akaangusha mwiko.
Baba alikuwa kwenye boila.
Wanawake wa laini nzima wakatoka mbio, wengine pekupeku,
kwa kuwa mwaka uliotangulia kililia hivyo
na Mzee Lusweti akaletwa ndani ya blanketi.

Langoni tukamkuta baba,
masizi hadi kope, mzima,
ananing'inia kwenye kamba ya king'ora:
"Simu imepigwa! Wamelichukua!"
Mama akampiga ngumi kifuani, mara mbili,
kisha akapiga kigelegele
kilichokatika katikati.

Kombe lililetwa na lori la magogo, usiku wa manane.
Lilikuwa dogo kuliko sufuria yetu.
Asubuhi sisi waokota mipira tulinyweshwa uji ndani yake,
mmoja baada ya mwingine,
ladha ya chuma na dawa ya kung'arishia.
Khakasa hakuwepo. Alikuwa zamu ya saa kumi na mbili,
vidole vimefungwa kitambaa,
anahesabu rimu.

Sikuku hushikilia kwamba ilikuwa kumi na tano kwa kumi na tatu.
Mimi nasema walivutana hadi kumi na saba.
Tuna mvi, na bado hatujauliza mtu.

Kiwanda kilinyamaza, tukatawanyika.
Juzi nilipita pale na basi la Malaba.
Nikafungua dirisha, nikavuta pumzi hadi mbavu zikauma.
Hewa safi.
Nikafunga.