Mkono wa Perran

Sijawahi kuuona uso wa Perran.
Namjua kwa mkono: nukta zake
punje za shayiri zikimwagika sahanini,
na kistari cha mwisho hukiburuta
kama mlevi anayevuta kiti.
Miaka mitatu, kila apitapo magharibi yetu,
hunigongea herufi mbili za utani,
kisha bei ya viazi huko Halifax,
kisha kimya, kazi iendelee.

Usiku huu, Crookhaven, makaa yamekwisha,
nimevaa soksi za marehemu baba.
Meli yake inaita saa nane na robo.
Jina ni lile lile.
Naandika: barafu kaskazini, abiria mia nne, wote salama.
Lakini kila nukta imepigwa pasi.
Hakuna kiti kinachoburutwa.

Bibi Hanora analeta chai, anauliza,
"Habari za huko majini?"
"Njema," nasema, penseli imekwama hewani.

Kanuni inakataza porojo kwenye simu ya upepo.
Nabonyeza hivyo hivyo, cheche zinaruka buluu,
zile herufi mbili,
taratibu.

Mgeni anajibu kwa adabu, mwandiko safi:
Rudia. Sijaelewa.