Tunguu la Hansaben

Hansaben alipohama Ngara kumfuata mwanawe
aliniachia ufagio mpya, ufunguo wa sanduku la barua,
na chungu chenye kitu nilichodhani ni kitunguu
kilichosahauliwa hadi kikajaribu kuota.

Nyuma ya risiti ya stima aliandika kwa kalamu ya kijani:
Linaitwa amarilisi. Shingo ibaki nje, usilizike lote.
Maji kidogo, kama unamnywesha aliyetoka kupasuliwa.
Si la kula. Hata ukilia njaa, si la kula.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Kunywesha kwa kijiko nakujua.

Wiki sita, kimya. Maganda ya kahawia,
makavu kama karatasi ya kufungia njugu.
Shangazi Nyaboke akaja kutoka Keroka,
nikamkuta amelishika, kisu tayari, nyanya zimekatwa,
dania ipo, pilipili ipo.
Nilipiga yowe hadi jirani wa chini akagonga dari yake.
"Kitunguu gani hiki cha kufugwa?"
Tangu siku hiyo aliliita Mgeni, na kila akipita
alilitupia jicho la mtu aliyenyimwa kachumbari.

Maji ya mfereji kwetu huja Jumanne na Ijumaa.
Ndoo zikipangwa koridoni, watu wakipimana kwa macho,
nilishukuru kufuga kiumbe kisichodai kingi.

Julai, mwezi ambao Nairobi huvaa wingu
kama sweta isiyofuliwa,
ncha ikachomoza. Nene, bapa,
ulimi wa mtoto anayemdhihaki daktari.
Kisha bua, na haraka yake!
Natoka jioni liko chini ya kitasa cha dirisha,
narudi asubuhi limekipita,
nalo limepinda, limekiegemea kioo
kutafuta jua ambalo lenyewe halijafika kazini.
Basi kila nirudipo, viatu bado miguuni,
nikawa naligeuza robo mzunguko,
kama tunavyowageuza wagonjwa
wasipate vidonda vya kitanda.
Lilipozidi uzito nikalifunga kwa bendeji kwenye mwiko.

Maua manne. Mekundu.
Lakini wekundu nauona kila usiku,
na huu haukuwa ule:
huu hakuna aliyekuja mbio na pamba kuuzuia.

Katunge wa mlango wa pili, miaka sita,
alikuja jioni kuhesabu nyuzi za ndani.
Sita, na moja ndefu yenye ncha tatu.
Alirudi kwao na vumbi la manjano puani.

Yaliponyauka nikakata bua. Ndani ni tupu kama filimbi;
maji yakanitiririkia kiganjani.
Majani nikayaacha yanywe mwanga, yajaze ghala,
hadi Januari yalipogeuka manjano.
Risiti ilisema: Kwingine baridi hulilaza.
Nairobi, baridi ni wewe.
Nikakata maji. Nikalisukuma chini ya kitanda,
gizani, kando ya viatu vya mvua.

Katunge akapiga magoti, akachungulia.
"Limelala?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.
Mwaka juzi, kwenye koridoni hii hii,
sisi watu wazima tulimwambia baba yake amelala,
naye akaamini: wiki nzima
alitembea kwa ncha za vidole.

"Hapana," nikasema. "Limekauka juu tu.
Ndani lina chakula. Mvua zikianza nitalitoa,
huenda likaota, huenda lisiote.
Baba yako ni jambo jingine. Hakulala.
Tulikosea kukuambia vile."

Hakuniangalia. Akaingiza mkono gizani,
akalibonyeza tunguu kwa kidole gumba
kama shangazi anavyobonyeza parachichi sokoni.

"Ni gumu," akasema.

Kisha akaomba mkate.